Mkono Chini ya Saruni

Yogyakarta, 4 Februari 2013

Mak Adang, mjomba wangu wa pekee,

Assalamu alaikum. Pokea salamu zangu, na za mume wangu Efrizal, na za majirani zetu Wajava ambao mpaka leo wanashangaa kwa nini chakula chetu kinawatoa machozi na bado wanarudi kukila. Sisi huku wazima. Mvua inanyesha kila alasiri, mtaa unafurika, wateja wanaingia mkahawani wamekunja suruali mpaka magotini. Efrizal amenunua sufuria jipya la kupikia nyama ya rendang, kubwa mno, anasema siku tukigombana atalala humo. Kaburi la mama umelifagia? Najua umelifagia, nauliza tu.

Mak Adang, nina jambo, na limenikaa kooni muda mrefu. Uliponiuliza kwa nini sikuja kwenye dua ya siku ya mia ya mkeo, Mintuo wangu, nilikujibu kuwa wateja walikuwa wengi. Ule ulikuwa uongo. Ulijua kwamba mimba yangu iliharibika ikiwa ya miezi saba. Hukujua yaliyofuata. Nilikuwa nasimama na sahani zimepangana mkononi mpaka kwenye kiwiko, kama tunavyobeba siku zote, na ghafla sijui ninazipeleka meza gani. Siku moja niliziweka chini, nikaenda kukaa chini ya ngazi, nikakaa huko mpaka tulipofunga. Kesho yake hivyo hivyo. Wala sikulia. Laiti ningelia! Nilikuwa kama nyumba iliyozimwa taa na mwenyewe yumo ndani.

Efrizal akanishika mkono akanipeleka kituo cha afya cha mtaa. Pale yupo mwanasaikolojia, mama wa Kijava tunayemwita Bu Wening. Usianze kucheka. Si mganga, hana ubani wala maji ya kusomea, na vidonge hatoi. Tunakaa, tunazungumza. Anaongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Tangu mwezi wa kumi na mbili nakwenda kila Alhamisi, na kila nikifika huniuliza kwanza: kati ya moja na kumi, mzigo una uzito gani leo? Siku ya kwanza nilisema kumi, na nilisema kwa hasira. Sasa nimeshika sita, nikiteleza nasema saba. Sahani nazibeba tena, si nyingi kama zamani.

Sasa nakuuliza wewe. Tangu Mintuo afariki barua zako zimekuwa fupi kama risiti. Unakula? Unalala? Naogopa, Mak Adang. Nakuona unazama kulekule nilikozama mimi, na wewe huna Efrizal wa kukushika mkono. Kati ya moja na kumi, ni ngapi?

Mpwa wako, Yusmarni

* * *

Koto Lamo, 2 Machi 2013

Upik, mpwa wangu,

Wa alaikum salamu. Barua yako imefika, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Mimi mzima. Ng'ombe wazima. Mlima unatoa moshi kidogo, si wa kutisha, ni ule wa mzee anayevuta sigara ya karafuu baada ya chakula. Kaburi la mama yako nimelifagia. Usiniulize mambo unayoyajua.

Nimesoma habari za huyo Mjava wako. Makubwa haya! Unakwenda kwa mtu baki, mnakaa kwenye viti, unamwaga ya ndani kwenu, na yeye anafanya nini? Anakutazama na kukuuliza! Hata mbuzi wangu ananitazama nikisema, na hajaajiriwa na serikali.

Na hiyo ya moja mpaka kumi, kwani anapima ng'ombe? Mimi nimekuwa dalali soko la Cubadak tangu mama yako hajaolewa. Bei ya ng'ombe haitangazwi. Muuzaji anaingiza mkono chini ya saruni, mnunuzi anaingiza wake, mnashikana vidole, hesabu ya vidole ndiyo bei, mkikubaliana mnaachiana, kila mtu na njia yake. Aliyesimama kando haambulii kitu. Muuzaji haaibiki, mnunuzi haaibiki, hata ng'ombe haaibiki. Ndivyo wanavyoishi watu wenye haya. Wewe unautangaza uzito wako mezani, tena kwa mtu wa ofisini!

Kuhusu hayo ya ngazi, pole mwanangu. Sikujua. Ungeniambia. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili, nikaiweka barua, nikaenda kumkatia mbuzi majani ambayo hakuyahitaji.

Kula nakula. Kulala nalala. Mtu wa nyumbani, Mintuo wako, angekuwepo angekuandikia vizuri, yeye ndiye aliyekuwa na maneno, mimi nilikuwa nabandika stempu. Naishia hapa, watoto wanakariri alifu na be kwa makelele hata kalamu inaruka.

Mjomba wako, Zainir

Huyo mama alipokuuliza uzito na ukamjibu, baada ya hapo aliuliza nini?

* * *

Yogyakarta, 20 Machi 2013

Mak Adang,

Assalamu alaikum, na salamu kwa mbuzi mtumishi wa umma. Sisi wazima, Efrizal ana mafua tu na analalamika kama mjane. Mdalasini uliotuma umefika na mtaa mzima umenusa. Dada wa Efrizal ameolewa, bwana harusi alichelewa, ikabidi tule kwanza.

Umeuliza baada ya hapo aliuliza nini. Nilicheka, kisha nikafurahi kwamba umeuliza. Aliniuliza: ukiamka asubuhi, kabla hujaweka mguu sakafuni, kitu gani cha kwanza kinachokosekana? Nikamwambia sijui. Akakaa kimya. Hawa watu wana kimya chao, Mak Adang, hakikulazimishi, kinakusubiri. Mwishowe nikasikia nasema: naamka nimelala ubavu. Mwenye mimba hulala ubavu, na mimi nilikuwa bado nalala hivyo ili nisimuumize mtu ambaye hayupo. Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Bu Wening hakunipa leso wala hakuniambia nyamaza. Aliniachia.

Usidhani nilitoka pale nimepona. Nilitoka nimechoka kama niliyeosha vyombo vya harusi. Ila usiku huo nililala chali.

Sasa yako. Unasema watoto wanakariri alifu na be. Mak Adang, mimi nimekulia hapo. Nyumba ya Mintuo iko ng'ambo ya mto, na sauti ya watoto wa madrasa haifiki kule hata upepo ukivuma. Sauti hiyo inasikika surau tu, pale msikitini wanakolala wavulana na wazee wasio na wake. Umehama lini? Najua desturi yetu, nyumba ni ya mwanamke, na mke akifa mume hukunja mkeka wake. Lakini sikudhani watu wa Mintuo wangekufanyia hivyo wewe. Walikufukuza?

Nyumba ya mama imefungwa, haina mtu. Ni yangu, mimi ndiye binti pekee aliyebaki. Nenda ukae humo. Kuna vyumba vitatu na kitanda cha mama bado kizima.

Yusmarni

* * *

Koto Lamo, 5 Mei 2013

Upik,

Salamu. Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Unajifanya askari siku hizi, unapima sauti za watoto. Haya, ndiyo, nalala surau. Baba yangu alilala surau alipofiwa, na babu yake, na hakuna aliyewaandikia barua za kuwahoji. Hakuna aliyenifukuza. Mpwa wa mtu wa nyumbani aliolewa, wakahitaji chumba, hilo ni jambo la haki kabisa. Walichofanya ni kuanza kuniuliza kila jioni kama nitakula pale. Miaka yote ile hakuna aliyeniuliza, sahani yangu iliwekwa tu. Mtu akianza kuulizwa kama atakula, Upik, ameshaambiwa. Nikakunja mkeka kabla hawajaona haya.

Na hilo la nyumba ya mama yako, usilirudie. Vyumba ni vya mabinti. Nilitoka humo nikiwa mtoto wa meno ya utotoni, na sijalala humo tena. Nizeeke nirudi kulala kitanda cha dada yangu? Wazee wa ukoo watasemaje? Watasema Sutan Mangkuto, mimi na cheo changu hiki, amegeuka binti, tumtafutie mume. Mimi ndiye ninayewaamulia wengine mambo ya desturi, halafu niwe wa kwanza kuivunja? Sitaki.

Surau ni pazuri. Kuna maji. Wazee wenzangu wawili walikuwepo, mmoja alichukuliwa na binti yake Pekanbaru, mwingine tulimzika mwezi wa nne. Wavulana siku hizi wanalala kwa mama zao na televisheni zao, wanakuja kusoma tu na kuondoka. Kwa hiyo pana nafasi ya kutosha.

Swali la huyo mama ni la kipuuzi. Asubuhi ninachokikosa ni mtu wa kuniambia nimevaa saruni upande. Juzi nimetembea nayo upande mpaka sokoni na kurudi, na hakuna aliyesema.

Zainir

Nane.

* * *

Yogyakarta, 19 Mei 2013

Mak Adang mpenzi,

Nimesoma neno la mwisho nikiwa nimesimama kaunta. Nikamwachia Efrizal wateja, nikaenda jikoni. Sikuwahi kukusikia ukitaja bei kwa mdomo maisha yangu yote. Asante kwa kuniambia mimi. Nane ni nzito, na mtu hapaswi kuibeba peke yake msikitini.

Salamu zitafuata nyuma leo, nisamehe, mkononi nina jambo. Nimemweleza Bu Wening habari zako. Usikasirike, jina sikutaja, nilisema mzee mmoja mwenye mbuzi. Hakushangaa hata kidogo. Alisema majonzi hayana aibu yoyote, ila yakifungiwa huanza kula, na wazee wanaofiwa ndio huwa wanasema "mimi mzima" mpaka siku wanayookotwa. Sisi wenyewe tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimuuliza, mazungumzo tu yatamsaidia nini mtu ambaye mkewe hatarudi? Akajibu hayatamrudisha mke, yatamrudisha yeye. Nikaona nikuandikie vivyo hivyo alivyosema.

Kituo cha afya cha mjini kwenu, karibu na stendi, wamepata kijana mwanasaikolojia, anaitwa Hendri. Anakaa Jumanne na Ijumaa. Mbuzi aache kazi, uende wewe.

Na ndani ya bahasha hii kuna ufunguo wa nyumba. Sikuambii ulale humo. Nakuambia tu unao.

Sisi wazima. Efrizal ndiye anayepika rendang siku hizi, mimi harufu ya nazi ikikaangwa inanikera, nakaa mbele na mahesabu. Nilitaka kuja mwezi wa sita lakini haitawezekana, kwa sababu zangu.

Nijibu mapema, tafadhali.

Yusmarni

* * *

Yogyakarta, 10 Julai 2013

Mak Adang,

Assalamu alaikum. Ramadhani imeingia, na mimi sijaona mwandiko wako tangu mwezi wa tano. Nimepiga simu surau, inalia mpaka inajikatia yenyewe.

Uda Man, yule dereva wa lori anayeleta mchele, alikula kwetu juzi. Alizungukazunguka, mara bei ya dizeli, mara barabara, mwishowe akasema kuna habari zako sokoni Cubadak. Anasema unaingia sokoni kila siku ya mnada, unaingiza mkono chini ya saruni za watu, unashika vidole, unapandisha bei, unashusha, na mwisho hununui. Ng'ombe hata mmoja. Anasema mwanzo walicheka, sasa wakikuona unakuja wanatoa mikono yao na kuitia mfukoni. Nilimwambia amefananisha watu. Akalipa, akaenda.

Je, ni kweli? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeshika mkono bila nia ya kununua ni sawa na mwizi. Sikuandikii kukukemea. Nataka kujua mjomba wangu anatafuta nini chini ya saruni za watu.

Siwezi kuja. Ningeweza ningeshapanda basi. Nakwenda bado kwa Bu Wening, na safari hii tunazungumza hofu, maana hofu nayo ina uzito wake. Usiniulize hofu ya nini.

Nakuomba mstari mmoja. Hata namba peke yake.

Yusmarni

* * *

Koto Lamo, 23 Septemba 2013

Upik, mwana wa dada yangu,

Wa alaikum salamu, na Idi njema iliyokwishapita. Barua zako mbili ninazo, nimezilalia chini ya mto mpaka zimekuwa laini. Mlima umenyamaza. Mpunga umeanza kutoa masuke. Yule mbuzi amezaa mapacha, kazi ya serikali ameiacha. Kaburi la mama yako nimelifagia, na la jirani yake pia.

Uda Man hakufananisha watu.

Nitakueleza, na ukishasoma usinijibu juu ya hili. Ukikaa surau peke yako, hakuna anayekugusa. Hilo sikulijua kabla. Watu wanakuamkia kwa heshima, wanainama, "Sutan, Sutan," na wanapita. Mtu wa nyumbani hatukuwa watu wa kushikana mikono, sisi si watu wa sinema, lakini alikuwa akinipa kikombe vidole vinagusana, akinisukuma nisogee kitandani, akinitoa uzi begani. Vitu vya hivyo. Kisha vikaisha siku moja vyote. Siku ya mnada nikaingiza mkono chini ya saruni ya muuzaji, kwa mazoea tu, na yule bwana akanishika vidole. Mkono wa mtu, Upik, wenye joto. Nikamtajia bei. Akakataa, akanirudishia, nikamrudishia. Nilichelewesha makusudi. Nilirudi surau nikalala vizuri. Mnada uliofuata nikaenda tena.

Basi ndivyo nilivyokuwa mwizi wa mikono.

Siku moja kabla ya Idi, soko limefurika, nilimwendea Bagindo Sahar, tumefanya biashara pamoja tangu tukiwa vijana. Nikanyoosha mkono. Akautazama. Akasema kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima, "Sutan, nenda nyumbani." Nyumbani wapi? Nilisimama katikati ya ng'ombe na mkono wangu uko nje, na watu wanapita huku na huku, na sikujua niuweke wapi. Nilikumbuka yale ya sahani zako. Nikasema, kumbe ndiyo hii.

Idi nilisali, wakaja watoto kuniamkia, nikawapa peremende, wakaenda. Lamang niliyoletewa, ule wali wa kunata wa kwenye mwanzi, niliila siku nne, mwanzi ule ule, mpaka ikachacha. Sikuandikii upate kulia. Nakuandikia kwa sababu uliniuliza unakula na mimi nikakujibu nakula.

Jumanne baada ya Idi nikaenda kule karibu na stendi. Nilipita mlango mara kadhaa kama mtu anayetafuta choo. Huyo Hendri wako ni kijana mwembamba, miwani, ana kalamu tatu mfukoni. Nikasema moyoni, huyu hata kuku hawezi kumchinja. Siku hiyo nilimzungumzia bei za ng'ombe mpaka muda wetu ukaisha. Akanisikiliza. Akasema, "Karibu tena, Pak." Nikajiambia sirudi.

Nikarudi. Akaniuliza lile swali lenu, moja mpaka kumi. Upik, sikuweza. Kukuandikia wewe niliweza, karatasi haina macho. Lakini mbele ya mtu, mchana, madirisha wazi! Jasho likanitoka. Na mkono wangu, wallahi sikuutuma mimi, ukashusha saruni kutoka begani ukajifunika, kama niko Cubadak. Nilipojiona nilivyokaa nikataka sakafu inimeze. Nikasema sasa ataandika mzee ana wazimu.

Kijana hakuandika. Aliweka kalamu mezani, akavuta kiti chake kando ya changu, akaingiza mkono chini ya saruni.

Baba yake ni mchinjaji wa Payakumbuh. Amekulia mnadani. Sikujua hilo mpaka baadaye.

Nikashika vidole vyake vyote, nikaviachia, nikashika tena vinne. Tisa. Ndiyo, nilikuandikia nane. Nilikupunguzia, wewe wa damu yangu. Yeye akavibana vidole vyangu, maana yake bei nimeisikia, na hakurudisha bei yake. Aliuacha mkono pale. Nikalia, mimi na masharubu yangu, nikilia kama mwali. Hakusema nyamaza. Ulivyosema kuhusu kimya chao ni kweli. Na nilikosea kuhusu wenye haya. Haya iko palepale, wanaifunika vizuri tu.

Sasa nakwenda kila Jumanne. Sitaki udhani nimepona, jioni bado ni ndefu. Mambo mengine tunayozungumza siwezi kuyaandika. Moja nitakuambia. Wiki ya tatu aliniuliza, "Huyo mtu wa nyumbani, Pak, alikuwa anaitwa nani?" Unajua sisi wanaume wa rika langu, jina la mke halitoki mdomoni. Sikulitaja akiwa hai, hata siku moja. Nilimwita "wee", nilimwita "sikia". Nikamwambia kijana, hilo siwezi. Akasema sawa, hakuna haraka. Nilitembea mpaka nyumbani na jina hilo nimelishika mdomoni.

Nimesema nyumbani. Ndiyo. Ufunguo wako ulikataa kuzunguka, nikautia mafuta. Nimefagia, nimetoa popo, kitanda cha mama yako nimekifunika. Vyumbani silali, usinilazimishe. Nalala mbele, karibu na mlango, mkeka wangu na mto wangu. Wazee wa ukoo walikuja, wakakohoa, wakanywa kahawa yangu, wakauliza Sutan anafanya nini kwenye nyumba ya mabinti. Nikawaambia, namlindia mpwa wangu vyumba mpaka mtoto wake azaliwe.

Ulidhani sijui? Harufu ya nazi inakukera, basi huwezi kupanda, hofu hutaki kuitaja. Mimi nimenunua ng'ombe maisha yangu yote, Upik, na hakuna mwenye mimba aliyewahi kunipita. Sikuulizi miezi mingapi. Sikuambii usiogope, ni neno la kipuuzi. Mwambie Bu Wening uzito wake, na mimi niandikie, na usinipunguzie. Akija binti, chumba cha dirisha la mashariki ni chake. Akija mwanamume, atalala hapa mbele na mimi, na surau wasubiri. Na asipokuja, njoo hivyo hivyo. Mlango huu nimeupaka mafuta.

Jumanne iliyopita Hendri aliniuliza uzito. Saruni ilikuwa begani, niliiacha hapohapo. Nikamjibu kwa mdomo, saba, tena kwa sauti, wagonjwa wa nje wakasikia. Na kabla sijatoka nikamwambia na lile jingine.

Asnimar. Alikuwa hapendi madirisha yafungwe mchana. Nimeyafungua yote.

Mjomba wako,
Zainir